Pale Mkono Wangu Usipofika

Jumanne, 20 Februari

Kuoga nimeoga. Ndoo moja, maji ya baridi, sabuni ya mtoto isiyo na harufu. Sikujisugua. Sikujifuta kwa taulo, nimejigusagusa tu na khanga ya zamani, halafu Vaselini ngozi ikiwa bado na unyevu. Shingo, viwiko, nyuma ya magoti, kifua. Kucha nimekata mpaka karibu na nyama. Mgongo umebaki kama ulivyo.

Muuguzi wa zahanati ya kule chini ndiye aliyeniambia niandike. Kila siku niandike nimekula nini, nimevaa nini, nimewashwa wapi, ili tujue ugonjwa unachokozwa na kitu gani. Ugonjwa wenyewe ni pumu ya ngozi. Ninao tangu utoto. Hauponi, unatulizwa. Kwetu Makete, kwenye baridi, ulikuwa umelala kama mbwa aliyeshiba. Huku Serengeti umeamka.

Kwa hiyo naandika. Nimekula ugali wa muhogo na dagaa. Nimevaa shati la pamba la mikono mirefu. Nimewashwa kila mahali.

Duara letu liko kwenye kilima juu ya mashamba ya Kenyamonta. Wachimbaji huita shimo la dhahabu duara, hata likiwa la pembe nne kama letu. Tuko watano. Chacha ndiye mwenye duara. Mwita ni kijana wa hapahapa. Kuna ndugu wawili kutoka Shinyanga, na mimi. Wananiita Mkinga, kwa kabila langu. Wananipenda, lakini nimepewa kikombe changu peke yangu, na ndoo yangu imefungwa kitambaa chekundu ili mtu asikosee. Nimewaeleza kwamba hauambukizi. Wanaitikia kwa kichwa. Kitambaa kiko palepale.

Jumatano, 21 Februari

Joto. Mawe yenyewe yanatoa joto. Chini ya shimo hakuna upepo, jasho linatiririka na kila linapopita linachoma.

Wanaochokoza mpaka sasa: jasho, vumbi la mwamba, blanketi la sufu. Blanketi nimempa Mwita. Jasho na vumbi sina wa kumpa.

Ijumaa, 23 Februari

Nimepanda kwenye jiwe kubwa ambako mtandao unashika, nikampigia Mama Ombeni. Viazi vimekubali. Ombeni amekuwa wa nne darasani. Kule ni ukungu tangu asubuhi, alisema, na moto wameuwasha mchana. Nikamwambia arudie hiyo ya ukungu. Akacheka kidogo.

Halafu hakucheka tena. Alisema hii itakuwa Pasaka ya tatu. Alisema nilipoondoka niliaga kama mtu anayekwenda msimu mmoja. Pasaka hii nisipofika, atafunga nyumba na kuhamia kwa kaka yake Tunduma, afanye biashara huko. Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya.

Nimemwambia nitakuja. Nilimaanisha. Lakini siwezi kuteremka kwenye basi mikono mitupu mbele ya watu wale wote walioniona naondoka. Nataka nifike na kitu. Kidogo tu, cha kumweka mkononi.

Namtaka sana. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma. Usiku wa kuoana kwetu nilimficha mgongo wangu, nikalala na shati. Yeye ndiye alilivua. Tangu siku hiyo, kila jioni, alikuwa ananipaka pale ambapo mkono wangu haufiki, huku anaongea habari za mbolea. Nilidhani ni jambo dogo. Mtu akipakwa kila siku hajui kwamba anapakwa.

Jumapili, 25 Februari

Leo hatukushuka shimoni. Nimetafuta njia ya kupaka mgongo mwenyewe.

Kwanza kijiti chenye kitambaa. Kimekwaruza. Pili nilitandika nailoni kitandani, nikaipaka Vaselini kama mkate unavyopakwa siagi, nikalala chali na kujiviringisha. Mwita akaingia kuchukua tochi. Akasimama. Nikamwambia nafanya mazoezi. Akasema haya mura, na akatoka taratibu. Wakurya humwita kila mwanamume mura, lakini ile ilikuwa mura ya kunionea huruma.

Nailoni imesaidia nusu. Katikati ya mabega bado pakavu, panavuta kama ngozi ya ngoma.

Ningeweza kumwomba Mwita. Nimefikiria. Mtu anayeogopa kikombe changu nitamwombaje ashike mgongo?

Jumatano, 28 Februari

Mwamba umeonyesha.

Mdogo wa wale ndugu wawili ndiye aliyeupiga. Jiwe limebadilika rangi, lina mshipa wa kutu, na ukililamba na kulielekeza kwenye tochi unaona vidoadoa. Chacha alishuka mwenyewe. Alikaa chini muda mrefu. Alipopanda juu alituita wote, akatoa sheria.

Sheria yenyewe ni ya zamani huku machimboni. Mwamba ukionyesha, watu wa duara hawaogi mpaka kiroba cha kwanza cha mawe ya dhahabu kitoke. Maji yanaosha bahati. Kunywa tunakunywa, mikono tunafuta kwa majani, lakini mwilini maji hayapiti. Mwanamke pia hapana. Mkubwa wa wale ndugu akauliza kuhusu simu. Chacha akafikiria kwa makini kabisa, kama hakimu.

“Mke ni mke hata kwa simu,” alisema.

Simu zetu amezifungia kwenye sanduku lake la bati. Nilimwomba dakika moja nimuage mke wangu. Alisema ataelewa mwenyewe, wake za wachimbaji wanajua mambo haya. Mama Ombeni si mke wa mchimbaji. Ni mke wa mkulima wa viazi aliyepotea njia.

Mimi ni Mlutheri, siamini maji na bahati. Chacha naye ni mzee wa kanisa, na jumapili anasoma somo mbele za watu. Lakini shimoni kila mtu anakuwa na dini ya pili. Na anayevunja sheria anaondoka bila chochote, na mwamba ukipotea jina lake ndilo litakalotajwa mpaka Tarime. Nimechimba hapa tangu mvua za mwaka jana. Nitavumilia. Kiroba hakiko mbali.

Alhamisi, 1 Machi

Bila kuoga. Si vibaya sana. Nimekunywa kidonge cha piritoni, kinanipa usingizi hata nikiwa na nyundo mkononi.

Jumapili, 4 Machi

Vibaya.

Vaselini juu ya jasho la jana inageuka tope. Vumbi linanasa humo. Nimejifuta kwa kitambaa kikavu, kikatoka cheusi, nami nikatoka na madonda. Muuguzi alinifundisha nisijikune, nipigepige kwa kiganja. Nimejipiga mpaka wale ndugu wameanza kunihesabia mapigo kwa Kisukuma, wanatengeneza wimbo. Nimecheka nao. Halafu nimekwenda nyuma ya rundo la mawe nikajikuna kwa kucha zote, nikalia kidogo, nikarudi kazini.

Harufu yetu sasa ni moja, sisi watano. Mbuzi wanatukwepa njiani.

Jumanne, 6 Machi

Chacha amerudi kutoka msibani Isebania, upande wa Kenya, ambako amezikwa shangazi yake. Hata kule hakuoga. Amesema alikaa mwisho kabisa wa hema, na binamu zake wa Kenya walimuuliza, wewe uko sawa kweli?

Ameniletea dawa. Tyubu ndogo ya malhamu aliyoinunua duka la dawa kule, bila mimi kumwomba. Aliiweka juu ya jiwe, akanisukumia kwa kidole. Alisema dawa si maji. Naona alifikiria hilo njia nzima.

Nimepaka. Kabla ya jioni wekundu umepungua. Kuwashwa kumenyamaza. Nimekaa kimya nikisikiliza mwili wangu, kama mtu aliyezimiwa jenereta.

Ijumaa, 9 Machi

Tyubu imekwisha. Nilipaka nyingi, nilipaka kila mahali, nilipaka juu ya uchafu. Muuguzi alikwisha kunionya kuhusu malhamu kali kwamba ni kidogo, kwa siku chache, kwenye ngozi safi. Nilikuwa na ngozi safi wapi.

Ugonjwa umerudi na ndugu zake. Shingo imevimba. Viwiko havikunjuki vizuri, vinapasuka.

Mwamba bado unaonyesha, hautoi. Chacha anasema umekaribia. Alisema hivyo jumatano pia.

Jumatatu, 12 Machi

Niliteremka kijitoni kuchukua maji ya kunywa, zamu yangu. Akina mama walikuwa wanafua. Maji yalikuwa machache, mvua zimechelewa, lakini chini ya mti kulikuwa na dimbwi la kufika kiunoni, maji yametulia, unaona mchanga.

Nilisimama pale na madumu.

Sijawahi kutamani chakula namna ile. Sijawahi kutamani dhahabu namna ile, na dhahabu ndiyo iliyonileta. Nilifikiria maji ya kwetu, yale ya mferejini nyuma ya nyumba, baridi mpaka mifupa inauma. Mama Ombeni akinawa miguu baada ya shamba. Nilifikiria nikiingia na nguo zangu, nani atajua. Mama mmoja aliniangalia shingo, akamvuta mtoto wake karibu.

Nimejaza madumu nikapanda. Sina uhakika kama huo ni uvumilivu au ujinga.

Tangu simu zifungiwe sijaisikia sauti yake. Atakuwa anasema nini kuhusu mimi? Kama hasemi kitu, ndiyo mbaya zaidi.

Jumatano, 14 Machi

Ngozi inatoa maji ya njano. Yakikauka yananata na shati. Kulivua ni kujichuna.

Nahisi baridi. Juani, huku, nahisi baridi. Nimeisubiri baridi miaka mitatu na hii si yenyewe.

Jumapili, 18 Machi

Naandika kutoka nyumbani kwa mama yake Mwita, Kenyamonta. Niko kwenye kitanda cha kamba, madirisha wazi. 

Ijumaa nilianguka shimoni. Nakumbuka nyundo ikiniponyoka, na mdogo wa wale ndugu akisema, Mkinga, Mkinga. Walinifunga kamba ya kupandishia mawe wakanipandisha kama kiroba. Mwita akakimbia zahanati. Muuguzi alikuja kwa bodaboda. Ni mama mfupi, mkali, wa kabila la hapahapa, na alipotufikia alisimama kwanza akiziba pua.

Alinifunua shati. Akauliza nani amenifanya hivi.  Akauliza mara ya mwisho nimeoga lini. Wote wakaangalia chini. Naye ni wa huku, akaelewa.

Alisema vidonda vimeingia uchafu na homa ni ya hivyo vidonda. Atanichoma sindano, lakini sindano haitafanya kazi juu ya tope lile. Ninaoshwa sasa, hapohapo, kabla ya kupelekwa popote. Maji safi ya uvuguvugu, sabuni kidogo, mkono mtupu, bila kusugua. Na yeye peke yake hawezi kumgeuza mwanamume mzima.

Wakasimama. Niliwaona kutoka chini, wanne, vichwa vimekinga jua. Walikuwa na mambo mawili ya kuogopa, ngozi yangu na maji. Sikuwalaumu. Nilitaka kusema acheni, nitakwenda kijitoni mwenyewe. Mdomo haukufunguka.

Muuguzi akamgeukia Chacha. Alimwambia kwa sauti ya chini tu.

“Huyu akifa hapa, mura, utampelekea mkewe bahati?”

 Chacha alikwenda kwenye sufuria ya chai, akamimina majani nje, akaweka maji motoni. Maji yalipopata uvuguvugu akanijia, akapiga magoti. Alichota kwa kikombe. Kikombe changu. Akanimwagia kifuani, na mkono wake ukafuata.

Baada ya hapo wakaja wote. Wale ndugu walishika miguu. Mwita aliniinua, nikamwegemea, akaniosha mgongo. Mikono ya wachimbaji ni kama mawe, nilidhani itanichana. Haikunichana. Waliniosha kama mtu anavyoosha ndama aliyezaliwa leo, kila mmoja akimwambia mwenzake taratibu. Maji meusi yalikwenda pande zote. Wote walilowa mpaka viwiko, mpaka tumboni. Hakuna aliyenigusa kwa miaka mitatu isipokuwa kunisalimia. Nilikuwa nalia na nilifurahi kwamba maji yanapita usoni.

Walipomaliza walijitazama walivyolowa. Mkubwa wa wale ndugu akasema basi, duara limekwisha. Chacha alikamua shati lake. Alifikiria kama siku ile ya simu.

“Maji ya mgonjwa hayahesabiwi,” akasema.

 Muuguzi peke yake ndiye aliyecheka.

Jumanne, 20 Machi

Sindano asubuhi, vidonge mchana. Vidonda vinakauka. Mama yake Mwita anaoga alfajiri na mimi naoga baada yake, maji anayachota yeye, ingawa namkataza. Namwamkia shikamoo, anaitikia, halafu ananisema kwa Kikurya mpaka jua linachomoza. Mwita anasema ananiombea.

Jioni Mwita anatoka kilimani na kuja kunipaka. Muuguzi alimwonyesha namna. Anapaka kwa uangalifu, kimya, uso umegeukia ukutani kwa aibu. Jana alianza kunieleza habari za ng'ombe wa baba yake, kila mmoja na tabia yake, ili pawe na mazungumzo.

Mkono wake ni mzuri. Mungu ambariki. Si wa Mama Ombeni.

Nadhani hilo ndilo linaloniuma kuliko vidonda. Nilidhani mgongo unataka mafuta. Sasa una mafuta.

Simu yangu nimerudishiwa. Nimempigia mara nyingi leo. Inaita mpaka inakata. Haipokelewi.

Alhamisi, 22 Machi

Inaita. Haipokelewi.

Ijumaa, 23 Machi

Mvua imenyesha, ya kwanza. Harufu ya udongo imeingia ndani na mama yake Mwita ametoka kusimama uani. Joto limevunjika kidogo. Nimelala mchana bila kujikuna. Muuguzi amesema napona vizuri.

Inaita, haipokelewi. Nimemtumia ujumbe kueleza habari ya sheria na sanduku la bati. Niliuandika, nikausoma, nikaona hata mimi nisingeuamini. Nani anaacha kumpigia mkewe kwa sababu ya bahati ya jiwe? Nimeutuma hivyohivyo.

Mwita alinikuta naangalia simu. Akaniuliza kama anaweza kuiazima apige kwao. Kwao ni hapa. Nilimpa tu, sikuwa na akili ya kuuliza.

Jumapili, 25 Machi

Leo simu haiiti tena. Haipatikani kabisa.

Amekwenda Tunduma. Najua. Amefunga nyumba, funguo kaacha kwa jirani, Ombeni kabeba vitabu vyake. Nilikuwa na mke na nilimwacha aone ukimya siku zote zile kwa ajili ya vidoadoa kwenye tochi. Sina la kujitetea. Mgongo upone, mwili upone, kwa ajili ya nani?

Sikula. Mwita hakuniangalia usoni jioni. Alipaka haraka akaondoka.

Jumatatu, 26 Machi

Nimeamua. Naenda. Kama yuko Tunduma nitamfuata Tunduma.

Nilipanda kilimani kumwambia Chacha. Polepole, na mwavuli wa mama yake Mwita. Wako mle shimoni, bado hawaogi, maana kiroba bado. Chacha aliniomba nisubiri wiki moja. Alisema mshipa umenenepa, nikiondoka sasa nitajuta. Alisema kwa upendo, si kwa kunibana. Nimemwambia nimeshajuta, mwaka huu sina nafasi ya kujuta tena.

Nilidhani nitaumia kuliacha lile shimo. Nililichungulia, nikaona tochi zao chini, nikasikia nyundo. Haikuniuma. Nilikuwa nawaza barabara tu.

Mwita alinifuata mpaka njiani. Akasema nisiondoke kesho, nisubiri jumatano. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kuna gari la rafiki yake linakwenda Mugumu. Nikamwambia magari yako kila siku. Akashikilia jumatano kama ng'ombe anayekataa mto. Nilikasirika, nikamjibu vibaya, mtu aliyeniosha. Lakini bado nina homa kidogo jioni, na muuguzi naye alisema jumatano. Haya. Jumatano.

Jumatano, 28 Machi

Nilikuwa nimefunga begi. Nimekaa uani na viatu mguuni, nasubiri gari la rafiki wa Mwita.

Bodaboda iliingia. Abiria alikuwa mwanamke mwenye koti zito la baridi, katika jua hili, na kitenge kichwani chenye vumbi la mikoa yote. Alishuka. Akamwamkia mama yake Mwita kwanza, shikamoo mama, akapiga goti kidogo kama kwetu. Mama akamshika mikono yote miwili akaanza Kikurya chake. Wakaongea hivyo, mmoja Kikurya, mmoja Kiswahili, muda mrefu, na mimi nimesimama kama mti wa uzio.

Mama Ombeni.

Siku ile Mwita alipoazima simu hakupiga kwao. Alichukua namba ya mke wangu, akampigia kwa simu yake mwenyewe. Mke wangu alipokea, kwa kuwa namba hiyo alikuwa haijui. Mwita alimwambia mumeo tulimwosha sisi, sasa njoo. Ndivyo anavyosema mwenyewe, sijui kama hakuongeza mengine. Ombeni amebaki kwa bibi yake. Yeye akapanda basi, simu ikazimika njiani, akaja akiuliza mji kwa mji.

Mchana kutwa hakunisemesha. Alifua nguo zangu zote, akatupa shati la shimoni, akamenya ndizi na mama. Nilikaa karibu na kila anapokaa. Jioni Mwita alikuja kunipaka, akamwona, akageuka hapohapo mlangoni. Sijawahi kumwona mtu akipata nafuu kiasi kile.

Tulipoingia ndani alinifungua shati. Akaangalia mgongo kwenye mwanga wa dirisha. Akapitisha kiganja chote, juu mpaka chini.

“Nani alikuwa anakupaka?” aliuliza.

Ilikuwa sauti ya wivu. Wivu kamili, wa msichana. Miaka mitatu sikuwa nimesikia kitu kizuri kama kile. Nikamwambia ni yule kijana aliyekimbia mlangoni. Na kabla yake wanaume wanne wenye matope. Hakucheka. Akakaa kitandani, bado na koti lake, akafunika uso.

Jumapili, 1 Aprili. Pasaka

Tumekwenda kanisani na mama yake Mwita. Chacha alisoma somo, nywele zimechanwa, shati jeupe. Nilijua kabla hajaniambia. Kiroba cha kwanza kilitoka jana, na jana ileile walishuka kijitoni wote wanne, wakakaa majini mpaka akina mama wa kufua wakawafukuza.

Baada ya ibada alikuja hadi nyumbani na kipande cha nyama, akamwamkia mke wangu kwa heshima zote na kumwita shemeji. Akasema fungu langu lipo, mawe yakitoka karashani, kwenye mashine ya kusagia, atalileta au atalituma. Nikitaka kuendelea, nafasi yangu iko. Nilimwangalia Mama Ombeni. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Aliniacha niseme mimi.

Nimesema tunaondoka jumanne.

Mchana umekuwa wa mawingu. Nimeoga, ndoo moja, maji ya baridi. Alinipaka ngozi ikiwa bado na unyevu, huku anaongea habari za mbolea, kwamba imechelewa kufika wilayani na viazi vya pili vitachelewa. Nilikuwa namsikiliza nusu. Nilimuuliza kwa nini hakupokea. Niliogopa jibu lakini nilitaka kuuliza nikiwa nimempa mgongo, nisimwone uso.

Mkono ulisimama kidogo. Alisema wiki zile za ukimya alidhani nimepata mwingine, au nimekufa na hakuna anayejua kwetu. Halafu siku moja simu ikaita, jina langu. Aliiweka juu ya meza akaiangalia mpaka ikakata. Ikaita tena, akaiangalia tena. Siku zile zote alikuwa anatembea nayo shambani.

“Nikipokea utaongea, halafu utakata, halafu kimya tena,” alisema. “Ikiita, najua unanitafuta.”

Akaendelea kupaka. Nikamwambia na shingo pia, nyuma. Akasema anajua.